Mota Haifi Bila Sababu

Ipo sentensi moja fupi ambayo imewagharimu watu wengi fedha nyingi katika nchi hii. Sentensi yenyewe ni hii: "Mota imeungua." Fundi huitamka akiwa bado ameinama, bisibisi mkononi, na mwenye mali huduwaa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Haulizi imeungua kwa nini. Hutoa fedha, mota ikafunguliwa, ikapelekwa kusukwa upya, ikarudishwa na kufungwa mahali pake. Baada ya miezi miwili inaungua tena. Hapo lawama huanza: fundi ni mwizi, nyaya ni feki, au jirani ana jicho baya.

Wiki hii nataka tuizungumze sentensi hiyo. Nataka tuone mota ya umeme inakufaje, inapimwaje, na mwenye mali anaweza kuuliza maswali gani kabla hajafungua pochi. Mfano wetu mkubwa tutauchukua kusini, Masasi na Newala, kwa sababu kule mota ikisimama haisumbui mtu mmoja tu. Lakini wewe uliye Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, mwenye pampu ya kisima uani au mashine ya kukatia majani bustanini, usizime redio. Yanakuhusu.

Wanaoijua sehemu ile wanafahamu kwamba Masasi ipo chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala ipo juu, kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni unaiona nchi ikiporomoka kuelekea bonde la mto Ruvuma. Juu kule ardhi ni nzuri kwa mikorosho na muhogo, lakini maji ni shida ya tangu zamani. Mvua inaponyesha, maji huzama mchangani na kwenda kutokea mbali, chini mabondeni. Akina mama wa Kimakonde walikuwa wakishuka mteremko na ndoo tupu, kisha wakipanda na ndoo zimejaa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 kukaanzishwa mpango wa kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu, na mpaka leo mradi wa maji wa Makonde unategemea visima vya Mitema na pampu za kuyapandisha. Pampu haizunguki yenyewe. Inazungushwa na mota.

Mota nyingine ipo kwenye mashine ya kusaga. Zamani mashine hizo ziliendeshwa kwa injini za dizeli, na ulizisikia ukiwa mbali. Umeme nao, kwa miaka mingi, ulikuwa wa jenereta za dizeli katika miji ya Mtwara na Lindi. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, lakini umeme wake ulianza kuzalishwa Mtwara mwaka 2007. Baada ya hapo, na kwa juhudi za Wakala wa Nishati Vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, nyaya zikaenda vijijini. Wenye mashine wakauza injini, wakanunua mota. Hapana moshi, hapana kelele, hapana kubeba madumu ya dizeli.

Tatizo ni kwamba injini walikuwa wanaifahamu na mota hawaifahamu. Mkulima wa korosho anayepuliza salfa shambani anaijua mashine yake ya petroli. Ikigoma, anafungua plagi, anaisugua, anaangalia kabureta. Injini inapougua hutoa ishara: moshi mweusi, kugonga, kukosa nguvu. Mota ya umeme haina plagi wala kabureta. Hufanya kazi kimya, na mara nyingi hufa kimya, ikaacha harufu tu. Kwa hiyo watu wameifanya kuwa kitu cha miujiza, na penye miujiza, mganga ndiye anayepanga bei.

Basi tuufunue muujiza huo. Mota ya mashine ya kusaga ni kitu chepesi kueleweka. Nje kuna gamba la chuma. Ndani ya gamba, ukizunguka pande zote, umesukwa waya wa shaba katika mafungu. Waya huo umepakwa vanishi ili waya na waya wasigusane. Katikati kuna kipande cha chuma kizito, chenye ekseli, kinachozunguka juu ya beringi mbili. Umeme ukipita kwenye mafungu ya waya, yanakuwa sumaku, na sumaku hiyo inazunguka. Kile chuma cha katikati kinaifuata. Ni hivyo tu. Hakuna kinachogusana isipokuwa beringi.

Kwa hiyo vitu vinavyoweza kufa ni vichache: vanishi inayozuia waya kugusana, beringi, na vile vifaa vya nje vinavyoiwasha mota. Mota iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Ikifa mapema, kuna kitu kimeiua. Na mwuaji mara nyingi hayumo ndani ya mota. Yupo nje, anasubiri mota nyingine ifungwe pale pale.

Mwuaji wa kwanza ni joto. Vanishi ya shaba ina kiwango chake cha kuvumilia. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapozidi kiwango hicho kwa nyuzi 10, maisha ya vanishi hupungua kwa nusu. Mota iliyostahili kuishi miaka 16 itaishi 8, halafu 4, halafu 2. Hapa lazima niondoe hofu moja. Mota nzima ikiwa kazini huwa ya moto. Mkono wa mtu hauvumilii chuma chenye nyuzi 60 kwa muda mrefu, na gamba la mota yenye afya linaweza kufika hapo. Kwa hiyo kusema "nimeigusa, ina moto, basi imeharibika" si hukumu. Harufu ya vanishi kuungua ni jambo jingine. Ukiisikia, zima.

Sasa, joto linatoka wapi? Linatoka kwenye umeme mwingi kupita katika waya. Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Watu wanaamini kwamba umeme ukiwa mdogo, mota inapumzika. Wanasema, "Leo umeme ni hafifu, mashine itasaga polepole, lakini haina neno." Kumbe lina neno kubwa.

Chukua mfano wa akina mama wa Newala na pipa la maji. Pipa lazima lijae kabla ya jua kuzama. Ndoo ikiwa kubwa, utakwenda bondeni safari kumi. Ukipewa ndoo ndogo, pipa ni lile lile, kwa hiyo utakwenda safari kumi na tatu au zaidi. Aliyeongezewa taabu ni miguu. Volti ni ukubwa wa ndoo. Ampea ni idadi ya safari. Mahindi yaliyomo kwenye kinu ndiyo pipa. Volti zikipungua na mahindi yakabaki yale yale, mota itavuta ampea zaidi ili ikamilishe kazi. Na ampea ndizo zinazochemsha waya.

Tupige hesabu kidogo. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, na ule wa fezi tatu ni volti 400 kati ya fezi na fezi. Mota nyingi hutengenezwa zivumilie kupanda au kushuka kwa volti kiasi cha asilimia 10. Zikishuka kutoka 400 hadi 320, yaani zikabaki asilimia 80, nguvu ya mota ya kuzungusha haibaki asilimia 80. Inabaki asilimia 64, kwa sababu nguvu hiyo hufuata kipeo cha pili cha volti: asilimia 80 ya asilimia 80. Ndipo utaona mashine inaunguruma, inashindwa kushika mwendo, na taa dukani zinafifia. Mwenye mashine akiona hivyo anaongeza mahindi ili wateja wasichelewe. Anaichimbia kaburi.

Kwa nini volti zishuke? Sababu ya kwanza ni umbali. Masasi ipo karibu kilomita 200 kutoka Mtwara, na kijiji kinaweza kuwa mbali na transfoma yake. Waya mrefu humeza volti, na waya mrefu ulio mwembamba humeza zaidi. Mota ya nguvu farasi 20, yaani kilowati 15, inakula karibu ampea 30 ikiwa na mzigo kamili. Lakini wakati wa kuwaka, kwa sekunde chache, huvuta mara tano hadi nane ya kiasi hicho. Ukiifungia waya mwembamba kutoka kwenye nguzo kwa sababu waya mnene ni ghali, ule unafuu utaulipa kwenye mota. Sababu ya pili ni saa. Jioni kila nyumba inawasha taa, televisheni na jiko, na anayesaga mwisho wa laini anapata kilichobaki.

Mwuaji wa pili ni fezi iliyopotea, na huyu ni mjanja kuliko wote. Mota kubwa za kusagia hutumia fezi tatu. Fezi moja ikikatika, kwa fyuzi kuungua, kiungo kulegea kwenye nguzo, au kontakta kuliwa na cheche, mota iliyokuwa imesimama haitawaka. Itanguruma tu mahali pamoja. Lakini mota iliyokuwa inazunguka itaendelea kuzunguka! Mlio unabadilika, nguvu inapungua, na fezi mbili zilizobaki zinabeba mzigo wa tatu. Ampea zake zinapanda hadi kiasi cha mara moja na robo tatu. Kama hakuna kifaa cha kuizima, mota inaweza kuungua katika muda wa kusagia debe chache tu.

Ujanja wake upo wapi? Upo kwenye testa. Fundi wetu wa mtaani anakuja na testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo. Anagusa fezi ya kwanza, kitaa kinawaka. Ya pili, kinawaka. Ya tatu, kinawaka. Anasema, "Umeme upo wote, mota ndiyo mbovu." Ndugu msikilizaji, testa haijui kuhesabu. Itawaka kwenye volti 230 na itawaka kwenye volti 150. Zaidi ya hapo, fezi moja ikikatika huku mota ikiwa imeunganishwa, umeme wa fezi mbili nyingine hupita ndani ya waya za mota na kurudi kwenye ile njia iliyokatika. Testa itauona umeme huo wa kurudi na kuwaka kama kawaida. Njia ya hakika ni mita. Fundi apime kati ya fezi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, mashine ikiwa inafanya kazi. Majibu matatu yawe karibu sawa, na yakaribie 400. Fundi anayekuja kutibu mota ya fezi tatu akiwa na testa peke yake ni sawa na tabibu anayepima homa kwa kuangalia kivuli cha mgonjwa.

Mwuaji wa tatu ni mzigo. Mahindi yenye unyevu na makopa yasiyokauka vizuri huziba chekecheke, na nyundo za kinu zinafanya kazi ya bure. Beringi ya kinu ikikauka grisi, mota inavuta chuma badala ya kusaga nafaka. Mkanda ukikazwa kupita kiasi unavuta ekseli upande mmoja na kuua beringi za mota. Tena kuna kosa moja linalofanyika kila siku. Umeme unakatika mashine ikiwa imejaa mahindi, na mwenye mashine anakaa kivulini bila kuzima swichi. Umeme ukirudi, ukirudi na jirani zake wote kwa pamoja, mota inaanza kazi kinu kikiwa kimeshonwa na volti zikiwa chini. Huo ndio mzigo mbaya kuliko yote. Umeme ukikatika, zima, safisha kinu, subiri utulie, ndipo uwashe bila nafaka.

Wapo wauaji wadogo pia: unga unaoziba mapezi ya kupoozea na feni ya nyuma, unyevu wa masika katika mota iliyokaa bila kazi, panya na mijusi wanaohamia ndani, na radi. Wakati wa ngurumo, mashine isiyofanya kazi itenganishwe na umeme kwa swichi kuu.

Baada ya kuwafahamu wauaji, tuone uchunguzi unafanywaje. Ufanywe kwa mpangilio, kutoka nje kwenda ndani, na kazi ya kupima penye umeme ifanywe na fundi anayejua, si na wewe wala mtoto wako. Wewe simama pembeni uulize.

Swali la kwanza: umeme unafika, na unafika kiasi gani? Hilo tumeshalijibu: mita, vipimo vitatu.

Swali la pili: mzigo unazunguka? Zima swichi kuu, toa mkanda, zungusha kinu kwa mkono, halafu zungusha puli ya mota kwa mkono. Kilicho kigumu ndicho mgonjwa. Mota ikizunguka laini bila mkanda, kisha ikawashwa bila mkanda na kwenda vizuri, tazama kwanza kwenye kinu. Wengi wamepeleka mota mjini kusukwa kumbe ni beringi ya kinu iliyoshika.

Swali la tatu: kiwashio kina hali gani? Ndani ya boksi la stata kuna kontakta, na chini yake kuna ovalodi, kifaa kinachozima mota ampea zikizidi. Ovalodi hupangwa kufuata ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Ikiruka mara kwa mara, inakuambia jambo. Lakini sisi tuna tabia ya kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele. Tunaipandisha hadi mwisho, au tunaipitisha kwa waya ili wateja wasisubiri. Hali kadhalika fyuzi: tunatoa ya kiwanda, tunaweka waya wa shaba mnene kama kijiti. Mlinzi amenyamaza, na mwizi anaingia.

Swali la nne, la mwisho, ndilo la mota yenyewe. Fundi akate umeme, afungue nyaya za mota, apime kila fungu la waya. Mafungu matatu yatoe kipimo kinacholingana. Moja likitofautiana sana, lina hitilafu. Kisha apime kati ya waya na gamba kwa mita ya kupimia vanishi, ile inayotoa volti 500. Ikionyesha chini ya megaomu moja, kuna uvujaji. Hapo pia asikimbilie kusuka. Mota iliyoingia unyevu hutoa kipimo kibaya, lakini ikikaushwa taratibu kwa joto la wastani na kupimwa tena, huenda ikapona.

Tuseme vipimo vyote vimeonyesha kuwa kweli mota imeungua. Sasa ndipo linapokuja jambo ambalo ningependa kila mwenye mashine alishike, hata akisahau mengine yote. Kabla fundi hajakata waya wa zamani na kuutupa, mwambie afungue mbele yako, mtazame pamoja. Waya ulioungua ni shahidi, na unasema.

Ukikuta mafungu yote yameiva sawasawa, meusi pande zote, shahidi anasema mota ilizidiwa mzigo au ilikosa volti. Ukikuta weusi umekwenda kwa zamu, mafungu ya fezi moja au mbili yameungua huku mengine yaking'aa kama mapya, shahidi anasema fezi ilipotea. Katika mota iliyofungwa mtindo wa nyota, mbili huungua na moja hupona. Katika iliyofungwa mtindo wa pembetatu, moja huungua na mbili hupona. Ukikuta doa moja tu limetoboka, na kwingine kote pazima, fikiria unyevu, radi, au waya uliokwaruzwa wakati wa kusuka. Ukikuta chuma cha katikati kimesugua kuta na kuacha mng'aro, beringi ndizo zilizotangulia kufa.

Mara nyingi shahidi huyu anatupwa kwenye pipa la vyuma chakavu bila kuulizwa neno. Fundi anauza shaba, mwenye mali anafurahi kwamba mota imepona, na ile fezi iliyolegea kwenye nguzo inaendelea kulegea. Ndiyo maana nasema kusuka mota bila kutafuta sababu ni kulipa nusu ya deni. Nusu iliyobaki itadaiwa, na riba juu.

Niwageukie sasa wa mijini. Pampu ya kisima na friji hutumia fezi moja, na fezi moja haiwezi kuanza kuizungusha mota yenyewe. Inahitaji msaada wa kuanzia. Katika pampu nyingi msaada huo ni kapasita, kile kikopo cha mviringo kilichobandikwa ubavuni. Kapasita hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Pampu inayonguruma bila kuzunguka, wakati ekseli yake ni laini mkononi, huenda haina ugonjwa mwingine ila kikopo hicho, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota. Kipimo chake, kwa maikrofaradi, kimeandikwa ubavuni. Kinachonunuliwa kilingane nacho, na volti zake zisiwe chini ya za kile cha zamani. Tahadhari: kapasita hutunza umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi aukaushe kwanza ndipo aiguse.

Mashine ya kukatia majani, zile za umeme, nyingine zina mota ya kapasita kama ya pampu, nyingine zina mota yenye makaa, kama drili na blenda. Makaa ni vipande viwili vidogo vinavyosugua sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme. Vimewekwa ili viishe, kama soli ya kiatu. Mota ya aina hii ikianza kutoa cheche nyingi, ikawaka na kuzima, au ikataka kusukumwa ndipo iende, tazama makaa kabla ya lolote. Vilevile, mashine hizi nyingi zina kizimio cha joto ndani. Majani mabichi yaliyojisokota chini ya kisu hulemea mota, kizimio kinaruka, na mwenye nyumba anatangaza msiba. Ichomoe kwenye umeme, ipindue, toa majani, iache ipoe nusu saa, jaribu tena. Na kabla ya hayo yote, angalia waya wa kurefushia. Waya mwembamba wa mita 50 uliobaki umeviringishwa humeza volti na kuchemka, na tumeshaona mota yenye njaa ya volti inavyojiua.

Kwa wanaopenda mitumba, someni kibao. Mashine iliyotoka Marekani imetengenezewa volti 120, ya Japani volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu hutahitaji uchunguzi wowote. Moshi utakuambia.

Ndugu wasikilizaji, mtasema haya ni ya mafundi. Mimi nasema ni ya mwenye mali. Fundi mwema hatachukia ukimwomba akuonyeshe vipimo. Atafurahi, kwa sababu mteja anayeelewa hamsingizii. Anayechukia ni kishoka, yule asiye na leseni wala mita, anayeishi kwa mota zile zile kurudi mikononi mwake. Vijana wengi wamesoma ufundi umeme katika vyuo vya VETA, na chuo kimoja kipo Mtwara. Wapeni kazi hao, na wadaini kazi ya kisomo. Ikiwa mita inaonyesha kwamba volti zinazofika kwako ni pungufu au fezi haitulii, hilo si kosa lako. Andika vipimo na saa zake, upeleke TANESCO kwa maandishi. Usiposikilizwa, EWURA wana utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja. Maneno "umeme ni mbovu" hayana uzito mezani. Karatasi yenye vipimo vya siku saba ina uzito.

Mwenye uwezo afunge kifaa cha kulinda fezi kwenye stata yake, kinachozima mota fezi moja inapopotea au volti zinaposhuka mno. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kusuka mota ya nguvu farasi 20.

Gharama halisi, hata hivyo, haimwangukii mwenye mashine peke yake. Mashine ya kijiji ikisimama, mama mwenye debe la makopa atafanya moja kati ya mambo mawili: kutwanga kwa mchi mpaka usiku, au kujitwisha debe na kutembea hadi kijiji cha pili. Pampu ikisimama, bei ya ndoo inapanda siku hiyo hiyo, na wasio na fedha wanashuka bondeni kama walivyoshuka bibi zao. Mzigo ambao mota imeuacha lazima mtu aubebe. Kwa hiyo siku utakapoambiwa, "Mota imeungua," jibu kwa upole, "Sawa, fundi. Nionyeshe imeungulia wapi, kisha uniambie kwa nini."